Kitabu Kilichokatwa Sehemu Nne

Mimi ninakumbuka majina ya watu wote. Hata mtu aliyepita nyumbani mara moja kuomba maji ya kunywa, nikimwona leo nitamwita kwa jina lake, na la mama yake pia. Lakini hapa sitaandika jina la mtu. Wengine wako na wajukuu wanaotembea katika mji huu huu wa Kisangani, na hakuna anayependa kumkuta koko yake, bibi au babu, ndani ya karatasi ya mtu mwingine. Kwa hiyo nitasema tu binti yangu, nitasema papa wa bibliothèque, yule wa maktaba, na aliyewajua atawajua.

Shule nilisoma kidogo. Nilitolewa mapema kwa sababu mama yangu alijifungua na hapakuwa na mwingine wa kubeba mtoto. Kiswahili ninasoma polepole, kidole kikitangulia. Kifaransa cha sokoni ninasikia, na cha polisi. Kile cha kitabu kinanipita kama maji. Ninasema hivi ili mjue kwamba vitabu vilivyopita mikononi mwangu vilikuwa vingi sana, na sikuvisoma. Nilivishona.

Ilianza na nyavu. Mume wangu alikuwa mtu wa mto, wa upande wa Yanonge, na kwao mke anajifunza sindano ya nyavu kabla hawajamwonyesha jiko. Alipofariki nilifua kwanza nguo za wake za wanajeshi kule kambi ya Kapalata, mpaka mgongo ukakataa. Basi nikarudia nyavu za wavuvi wengine, nikikaa mbele ya nyumba na uzi wa nailoni umezunguka kidole cha mguu. Papa wa bibliothèque alikuwa akipita pale kila asubuhi akienda kazini. Siku moja akasimama, akaangalia vidole vyangu kwa muda.

"Mama, hii uzi inakatikaka?"

"Papa, hii uzi inakamataka samaki munene kuliko weye."

Akacheka, maana alikuwa mwembamba kweli. Kesho yake akarudi na kitabu kilichopasuka mgongo, karatasi zimeanza kutoka nje. Akakiweka juu ya wavu wangu.

"Na hii, itakamata?"

Nikakishona. Tangu siku ile sikukosa kazi, na sabuni haikukosekana nyumbani, maana alinilipa kwa sabuni, wakati mwingine kwa chumvi.

Bibliothèque yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi za commune, na dirisha ambapo watu walipewa vitabu. Serikali ilikuwa imempa kiti na muhuri. Vitabu alitafuta mwenyewe. Alikuwa akienda port meli zikifika kutoka Kinshasa, akasimama pale wanaposhukia abiria. Safari ya mto ni ndefu. Mtu anapanda na kitabu kipya, na akifika kwetu amekwisha kukimaliza, na njaa imemmaliza yeye. Papa wa bibliothèque alikuja na kwanga ya muhogo na samaki wa moshi ndani ya kikapu. Mtu anatoa kitabu, anakula. Ndivyo mji wetu ulivyopata vitabu.

Na hakuchukua anavyopenda yeye. Yeye alipenda vya histoire, vya wafalme na vita. Lakini kabla ya kwenda port aliuliza wanawake waliokaa kwenye benchi chini ya dirisha.

"Bamama, munataka ya namna gani?"

"Ya mapenzi!"

"Na ingine?"

"Ya mapenzi na mutu mwenye kufa!"

"Na ya histoire, hapana?"

"Histoire tunayo kwa nyumba, papa. Tuletee ya watu wengine."

Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta mapenzi. Aliniambia vile vya histoire vinakaa juu ya étagère, rafu yake, kama wageni ambao hakuna mtu wa kuwasalimia, safi, wamevaa vizuri, na hakuna anayewaita mezani.

Sasa kuna kitabu kimoja ambacho ndicho ninachotaka kusema habari yake. Kilishuka kutoka kwa infirmière mmoja, muuguzi, aliyekuwa akipanda mto. Kilikuwa kinene kama tofali. Ndani yake alikuwamo daktari na msichana maskini, na nyumba kubwa, na mambo. Msomaji wa kwanza alikirudisha macho yamevimba, na kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unakitaka. Foleni ikawa ndefu mpaka watu wakaanza kutukanana. Mwanamke mmoja alifika dirishani na mtoto mgongoni akasema: "Papa, nilijiandikisha nikiwa na tumbo. Angalia, tumbo iko na meno."

Papa wa bibliothèque akaja kwangu na kile kitabu na sura ya mtu anayepeleka mgonjwa.

"Mama, nipe kisu."

"Ya nini?"

"Nikikata mara ine, watu wane watasoma siku moja."

Nilimpa kisu cha pondu, kile cha kukatia majani ya muhogo. Tulikata pale pale uani kwangu, juu ya ubao. Alifumba macho, mimi nikamshikia karatasi zisiende upande. Kisha nikashona kila sehemu peke yake kwa uzi wa nyavu, nikazivalisha zote nguo moja, liputa yangu ya zamani, kitenge cha bluu chenye mikungu ya ndizi, ili mtu akiziona popote ajue ni watoto wa tumbo moja.

Na ilifaa. Tangu hapo kila kitabu kilichopendwa sana kilikatwa, kikavalishwa liputa. Watu hawakuuliza tena jina la kitabu dirishani, waliuliza, "Ya tatu iko?" Aliyekosa ya tatu alichukua ya nne, hakuweza kungoja, halafu akatembea mtaani na siri kama mtu aliyemeza ufunguo. Mmoja alianza kusimulia mwisho pale kwenye bomba, kati ya ndoo. Walimmwagia maji. Nilikuwapo, mimi pia nilimwaga.

Maana wakati ule na mimi nilikuwa msomaji. Binti yangu alikuwa amerudi kwangu kungojea kujifungua. Mume wake alifanya kazi Isangi, na mimba ya kwanza kwetu inazaliwa kwa mama. Alikuwa amesoma mpaka diplôme, akafundisha kidogo. Jioni kabla ya giza, pondu ikiwa imekwisha kutwangwa, mimi nilishika wavu, yeye akanyoosha miguu juu ya mkeka na kuweka kitabu juu ya tumbo, kama juu ya meza. Aliangalia Kifaransa cha karatasi kwanza, midomo ikicheza bila sauti. Kisha ananipa kwa Kiswahili chetu, cha nyumbani, kila mtu na sauti yake.

Daktari alimpa sauti ya puani. Msichana maskini alilia mno, mimi sikumpenda sana. Ila mle ndani alikuwamo mwanamke mmoja wa kufua, mwenye mikono iliyopasuka na kinywa cha pilipili, na huyo ndiye aliyenifanya niache sindano. Mtoto wake wa kike alichukuliwa na bibi mmoja tajiri, akapandishwa meli, na yule mama alikuwa akifua nguo za watu wakubwa huku akiuliza kila mahali meli ile ilielekea wapi. Siku moja daktari alimkaripia kwa kuingia sebuleni bila kuitwa. Akamjibu:

"Monsieur, mi njo nafulaka shati yako. Mambo yako yote minaonaka kwa kola."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Binti yangu naye akacheka, akashika tumbo, akasema, "Mama, acha, utanizalisha hapa."

"Huyu mama, kama tungekutana naye, tungesikilizana," nikamwambia.

"Nazani," akasema.

Tukamaliza ya kwanza, tukamaliza ya pili. Mwisho wa ya pili yule mama alifika port na furushi lake, akasimama mbele ya nahodha. Hapo karatasi zikaisha. Ya tatu ilikuwa kwa mtu Lubunga, ng'ambo ya mto, na mtu huyo hakuwa na haraka. Lakini ya nne ilikuwa dirishani, na binti yangu hakujua kuvumilia. Akaichukua, akalala ubavu, akaisoma yote peke yake siku moja bila kula. Mimi nikamzunguka kama kuku.

"Niambie tu moja. Ule mama wa kufua, anapata mutoto yake?"

Akashusha kitabu. Akaniangalia, muda.

"Mama, hiyo iko inakusumbua?"

"Inanisumbua. Ata usiku."

"Na dokteri? Na harusi? Hauulize?"

"Dokteri atakula na ataoa. Dokteri wote wanakulaka na wanaoaka. Mi nauliza ule mama."

"Bon," akasema, akatabasamu hivi, upande. "Utangojea ya tatu sawa watu wengine. Nikikuambia leo, kesho utasema nini?"

Ya nne akairudisha. Ya tatu haikuja. Uchungu ukamkamata asubuhi. Tulipanda pikipiki mpaka maternité, akijikaza, akinitania kwamba napanda polepole kuliko mimba. Alizaa msichana. Damu haikusimama. Walimtafutia damu, na mimi nikatoa mkono wangu wakasema damu yangu si ya aina yake. Jinsi damu yangu isivyo ya aina ya mtoto wangu, mpaka leo hakuna aliyenieleza nikaelewa.

Papa wa bibliothèque alikuja kwenye kilio, akakaa na wanaume. Matanga yalipokwisha, niliona ile sehemu ya pili bado iko juu ya kabati na kijiti cha moto kwenye karatasi ya mwisho, pale binti yangu alipoweka alama. Nikakitoa kijiti, nikairudisha dirishani mwenyewe. Baada ya muda, sikumbuki muda gani, yule papa alisimama mlangoni kwangu na kitu ndani ya gazeti. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, ananyonya maziwa ya chupa.

"Mama, ya tatu imefika. Ni zamu yake."

Sikumwambia aingie.

"Peleka kwa mwenye kufuata," nikasema.

Nani angenisomea? Na kama angekuwapo mtu wa kunisomea, sikutaka mtu mwingine afungue kinywa na yule mama wa kufua atoke humo.

Niliendelea kushona vitabu. Mtoto alikua kati ya nyavu na karatasi. Zile sehemu nne zilirudi kwangu mara kwa mara, mgongo umelegea, nami nikazikaza bila kuzifungua sana. Nilikuwa na hakika moja: ziko. Mtu akifa haendi na bibliothèque. Siku nikipata nguvu nitakwenda dirishani, nitasema nipe ya tatu, nitapewa.

Swali lile halikuniacha. Niliwauliza waliosoma. Mama mmoja msuka nywele, aliyezisoma zote nne na kuzirudia, nilimwuliza wakati vidole vyake viko kichwani kwangu.

"Ule mama wa kufua alifika wapi?"

"Wa kufua?" Akafikiri. "Mama, ndani ya ile kitabu watu walikuwa mingi. Mi nilifwataka tu dokteri."

Papa wa bibliothèque nilimwuliza pia, karibu na kustaafu kwake. Akainua mikono.

"Mama, mi nanunuaka. Nikisoma zote, nani atafungua dirisha?"

Akaenda kupumzika kwa watoto wake. Aliyefuata hakuleta kazi ya kushona, wala aliyemfuata huyo. Nyavu pia zilipungua, watu wananunua zilizotengenezwa tayari. Mimi nikabaki na mjukuu, na mjukuu akafika université.

Mwaka huu, mchana mmoja, nilikuwa uani natwanga. Yeye alikuwa chumbani anajizoeza kusema exposé yake kwa Kifaransa, kwa nguvu, kama mbele ya professeur. Mchi ukanibaki hewani. Sura alichukua ya baba yake, hilo nalijua tangu zamani, lakini sauti, wakati inapanda na kushuka ndani ya maneno nisiyoyasikia vizuri, sauti ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa ile ile. Nikaweka mchi chini.

"Uko na kazi kesho?"

"Hapana, koko."

"Twende bibliothèque. Kuna kitabu utanisomea."

"Koko, sasa vitabu iko kwa téléphone."

"Yetu haiko kwa téléphone. Yetu inavaa liputa."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Mambo ya mama yake nilimpa mengi, picha, nguo, jina la mwalimu wake wa kwanza, hili nililiweka. Nikamwambia barabarani, tukitembea kwa mguu, habari ya yule mama wa kufua, ya kola na ya port, na alipopata habari ya jinsi mama yake alivyokuwa akiweka kitabu juu ya tumbo, akasimama.

"Juu ya tumbo? Mi nilikuwa ndani?"

"Weye njo ulikuwa meza."

Tulipofika, chumba kilikuwa kimepakwa rangi. Dirisha limefungwa, watu sasa wanaingia mlangoni. Ndani étagère zimejaa vitabu vinavyong'aa, vyote na ngozi nzuri, na mbele yake hakuna mtu. Chef wa sasa ni kijana mwenye heshima, alinipa kiti chake. Nikamwambia ninachotaka.

Akageuka kutazama étagère.

"Vile vya liputa? Mama, tumevitoa."

"Mumevitoa kuvipeleka wapi?"

Akanieleza, na sitamsingizia, alinieleza vizuri. Makarton ya vitabu vya zawadi yalikuwa yamekuja kutoka mbali, na étagère ni zile zile. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama. Ikasemwa: kila kitabu chafu, kilichopasuka, kisicho kamili, kitolewe.

"Na vya liputa vyote si kamili, mama. Si vitabu. Iko vipande."

"Vipande ine vinafanya kimoja."

"Minajua." Akainamisha kichwa. "Ata mi, nikiwa mutoto, nilisoma ya pili. Ya tatu sikuipata kamwe."

"Sasa ni kwa nini?"

"Mama, kitabu chenye kutoka sana, kinachoka. Chenye hakitoki, kinabaki mupya. Mi naambiwa nitupe vyenye kuchoka." Akaonyesha ukuta wa vitabu vinavyong'aa. "Hii yote iko mupya. Kuna ya sheria ya nchi ya watu, kuna ya kutengeneza barabara mahali penye theluji. Nimekuwa hapa, hakuna aliyeuliza hata kimoja. Lakini wageni wakiingia, siwezi kuwaonyesha kitabu kimevaa pagne."

Mjukuu wangu alitaka kumjibu vibaya, nikamshika mkono. Nikamwuliza kitu kimoja tu: vimekwenda wapi. Akasema wanawake wa soko walikuja na mabassine wakavichukua, vya kufungia karanga.

Hamjui kutembea nilikotembea siku ile. Mimi mwenye miguu hii. Tulianza na wauza mikate, tukapita kwa wauza makayabu, samaki wa chumvi. Kila karatasi iliyofungwa kitu niliitazama. Mjukuu akasema, "Koko, tuulize polepole," nikamwambia uliza weye, mimi ninatafuta ndizi. Na nilizipata. Bluu, zimefifia, kwenye meza ya mama mmoja mnene wa karanga, sehemu tatu zimelaliana chini ya kopo lake la kupimia.

"Mama, hii karatasi uko nayo..."

"Iko nguvu!" akadakia, akidhani nataka karanga. "Kuliko journal. Mafuta haipiti. Lakini mwenye kushona hii vitabu alikuwa na roho mubaya! Uzi inakatala kisu, inakatala meno. Kuchomoa karatasi moja, jasho!"

"Ni miye."

"Nini?"

"Mwenye roho mubaya."

Akanitazama, kisha mjukuu, kisha vidole vyangu. Akapiga makofi, akaita wenzake: "Njooni, muone mutu mwenye alinisumbua!" Wakanicheka, nikacheka nao. Sehemu ya kwanza ilikuwa imekwisha, alikuwa ameifungia karanga yote, watu wameila wakatupa. Lakini ya pili ilikuwapo, na ya tatu, na ya nne, pembeni zimeng'atwa kidogo tu. Uzi wangu ulizilinda. Mjukuu akafungua mfuko wake, akatoa syllabus yake ya masomo ya sheria ya mwaka jana, nene.

"Mama, tubadilishane. Hii iko ya droit."

"Droit?" Yule mama akaipima kwa mkono. "Droit inafunga karanga muzuri. Leta."

Kesho yake nikatandika mkeka. Nilimwambia tuanze ya tatu, maana ya pili nilikuwa naijua. Akasoma kama mama yake, macho kwanza, halafu Kiswahili. Sauti ilikuwa ile. Nikafumba macho na nikawa tayari kabisa.

Lakini watu waliotoka humo sikuwajua. Walikaa kwenye viti na kutazama dirishani. Hakuna aliyecheka. Walisema maneno marefu kuhusu mioyo yao, na hakuna aliyekula, hakuna aliyemtania mwenzake. Daktari hakuwa na sauti ya puani. Nikajiambia, mtoto hajazoea, polepole atawapata. Nikajiambia pia, yule mama yuko melini, anasafiri. Sehemu ya tatu si yake, atashuka katika ya nne. Kila mjukuu alipogeuza karatasi nilimwuliza, "Hajafika?" Akasema, "Bado, koko." Mara ya kwanza alisema haraka. Baadaye alisema huku anageuza uso.

Tulikuwa katikati ya sehemu ya nne alipokohoa akasema:

"Alors, mama wa kufua akaingia. Akamwambia dokteri: 'Aksanti sana, monsieur, Mungu akubariki, niko natafuta mutoto yangu.'"

Nikafumbua macho.

"Rudia."

Akarudia, sauti imepungua.

"Ule mama hawezi kusema vile," nikamwambia. "Kwa dokteri? Aksanti? Ule mama, mi namujua. Soma yenye iko imeandikwa."

Akafunga kitabu. Machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

"Koko, haiko."

"Nini haiko?"

"Ule mama. Haiko ndani. Nilitafuta katika ya tatu yote. Jana ukilala nikachukua ya pili, nikatafuta pale kwa kola, na pale kwa port. Kwa port kuna dokteri tu, anaaga rafiki yake. Hakuna mutu mwenye kufua. Hakuna mutoto mwenye kupotea. Niliona unangojea, njo nikamuweka."

Nilimwambia atazame tena. Akatazama tena mbele yangu, karatasi kwa karatasi, kidole kikitembea, nami nikamfuata kama vile ningeweza kusoma. Alikuwa na jina, yule mama. Binti yangu alimpa jina, na mimi jina halinipotei. Nikamwambia mjukuu jina lile, nikamwambia tafuta herufi zake. Hazikuwako.

Basi nikaelewa kwa nini msuka nywele hakumkumbuka. Nikaelewa pia kule kuniangalia, siku ile aliposhusha kitabu. Alikuwa amesoma mpaka mwisho, anajua kwamba mle ndani hakuna kitu cha kunijibu, na mimi nimekaa pale na wavu wangu nangojea. "Bon, utangojea ya tatu." Alikuwa bado anatafuta la kunipa. Mimi miaka yote nilililia kitabu kilichokuwa kwenye étagère, nikilala nikijua kipo, na kumbe nililokuwa nalililia lilizikwa naye, siku ile ile, na mimi nikatupa udongo juu yake kwa mkono wangu.

Mjukuu alinisomea iliyobaki, kwa sababu nilimwomba amalize. Daktari alioa. Nilikuwa nimesema.

Kisha akaweka vile vipande vitatu kando. Akasogea karibu, akalaza kichwa kwenye mguu wangu, mtoto mkubwa vile, wa université.

"Koko, ya Mama, niambie hiyo. Tangu mwanzo."

Nikamwambia. Yote nilikuwa nayo, hata sikujua kwamba ninayo yote. Mikono iliyopasuka, bibi tajiri, shati, kola. Kwa kola akacheka na machozi yake usoni, mahali pale pale alipocheka mama yake. Nikamfikisha port. Nikamwambia jinsi yule mama alivyosimama na furushi lake, miguu ndani ya tope, nahodha yuko juu anamwangalia, na jinsi alivyofungua kinywa kumwuliza meli ile ilielekea wapi.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu hakuna, mama. Mama yako aliachia hapo."